Tiba kwa msaada wa farasi: namna watoto waliojeruhiwa moyoni wanavyojifunza kuamini tena

Nchini Australia, kama ilivyo katika nchi kadhaa za Ulaya na Amerika Kaskazini, baadhi ya wataalamu wa afya ya akili hawakutani na watoto ofisini. Hukutana nao uwanjani, kando ya zizi, penye farasi. Watoto hao ni wale waliopitia vita, ukimbizi, ukatili wa nyumbani, misiba, au kutenganishwa na wazazi wao, na wengi wao wameacha kabisa kuwaamini watu wazima. Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni nini, ilitoka wapi, inafanyaje kazi, utafiti umeonyesha nini, na maswali ambayo mzazi anapaswa kuyauliza kabla ya kumpeleka mwanawe.

Mambo muhimu

- Farasi hamtibu mtoto peke yake. Tiba hutolewa na mtaalamu aliyesomea, naye farasi ni mwenzi wake kazini.
- Katika tiba ya majeraha ya moyo, mara nyingi mtoto hapandi farasi. Hujifunza kumkaribia, kumhudumia na kumwongoza akiwa chini.
- Ushahidi wa kisayansi unatia moyo katika baadhi ya maeneo, lakini bado ni mchache. Tiba hii haipaswi kuchukua nafasi ya matibabu mengine.
- Mtoto ana haki ya kukataa, na farasi pia.

Jina moja, kazi tatu

Watu hutumia maneno "tiba ya farasi" kwa mambo matatu yasiyofanana, na mchanganyiko huo huwagharimu wazazi fedha na matumaini.

Jambo la kwanza ni hipotherapia, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya farasi. Hapa mtaalamu wa tiba ya viungo, wa tiba ya kazi au wa matamshi hutumia mwendo wa farasi kama chombo cha matibabu. Farasi anapotembea polepole, mgongo wake humtikisa mpandaji mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, kwa namna inayokaribia sana mwendo wa nyonga za binadamu anayetembea. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye misuli yake haimtii, hupata mazoezi ya kusawazisha mwili ambayo ni vigumu kuyapata kwa njia nyingine.

La pili ni tiba ya kisaikolojia kwa msaada wa farasi. Hii humlenga mtoto aliyejeruhiwa moyoni. Mara nyingi kazi yote hufanyika mtoto akiwa amesimama chini, na mtaalamu wa afya ya akili huwapo tangu mwanzo hadi mwisho pamoja na mtu anayewafahamu farasi vizuri.

La tatu ni mafunzo kwa msaada wa farasi pamoja na michezo ya upandaji kwa watu wenye ulemavu. Hayo yana faida zake: hujenga nidhamu, furaha na urafiki. Hata hivyo si matibabu, na mkufunzi anayeyaendesha huenda hana sifa za kumhudumia mtoto mwenye kiwewe. Makala haya yanahusu hasa jambo la pili.

Wazo hili lilitoka wapi

Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, mwanamke wa Denmark aitwaye Lis Hartel alishinda nishani ya fedha katika shindano la kuongoza farasi kwa madaha. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo huo. Hartel alikuwa amepatwa na ugonjwa wa polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, na miguu yake ilikuwa imepooza kuanzia magotini kwenda chini. Hakuweza kupanda jukwaa la washindi bila kusaidiwa. Alirudia ushindi wa nishani ya fedha mwaka 1956. Michezo ya mwaka huo ilifanyika Melbourne, lakini mashindano ya farasi yalihamishiwa Stockholm kwa sababu sheria za karantini za Australia hazikuruhusu farasi wa kigeni kuingia nchini.

Habari za Hartel ziliwafanya madaktari na wauguzi wa Ulaya wautazame mgongo wa farasi kwa jicho jipya. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Ujerumani, Austria na Uswisi waliipa hipotherapia misingi yake. Mwaka 1969 vyama vya kitaifa vya kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu viliundwa Uingereza na Marekani.

Njia iliyoelekea kwenye moyo ilianzia penginepo. Huko New York, mwanasaikolojia wa watoto Boris Levinson aligundua kwamba mtoto aliyekataa kuzungumza naye alianza kufunguka alipocheza na mbwa wake, Jingles. Mwaka 1961 aliwasilisha jambo hilo mbele ya wanasaikolojia wenzake, na baadhi yao walilipokea kwa dhihaka. Hata hivyo wazo lake lilidumu: mnyama hachukui nafasi ya mtaalamu, bali huufungua mlango ambao mtaalamu peke yake angeukuta umefungwa. Baadaye wazo hilo lilihamia kwa farasi, na mwaka 1999 chama cha Eagala kilianzishwa Marekani kwa ajili ya kuweka utaratibu wa tiba ya kisaikolojia kwa msaada wa farasi. Leo utaratibu huo unafuatwa katika nchi nyingi, Australia ikiwemo.

Imani ya mtoto huvunjika vipi

Ili kuelewa kazi ya farasi, sharti kwanza kuelewa kilichovunjika. Hapa kuna historia inayoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kati ya mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea nyumbani kina mama 26 wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama wakiwalea watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto aliyezoea kuitikiwa na mama yake hutambaa mbali naye bila hofu, hugusa hiki na kile, kisha hugeuka kumtazama kana kwamba anathibitisha kuwa bado yupo. Mama alikuwa kituo salama cha mtoto kuondokea na kurejea. Ainsworth alichapisha kitabu juu ya utafiti huo mwaka 1967, na pamoja na kazi ya mwenzake John Bowlby ukawa msingi wa elimu ya mfungamano kati ya mtoto na mlezi, elimu inayotumika hadi leo duniani kote.

Mtoto asiyekuwa na kituo hicho, au aliyekipoteza, hujifunza somo lingine. Iwapo mkono uliomlisha ndio uliompiga, au iwapo mtu aliyemwahidi kurudi hakurudi, mwili wake hukaa katika hali ya tahadhari wakati wote. Hulala kwa mang'amung'amu. Hushtuka mlango ukigongwa. Darasani huonekana mkaidi au mzembe, ilhali akili yake inapima hatari badala ya kusikiliza somo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hivyo ndivyo hasa elimu ya kiwewe inavyoeleza: ubongo huhifadhi ishara za hatari na kuziitikia kabla fikra haijapata nafasi.

Madhara yake hayaishii utotoni. Mwaka 1998 watafiti wa San Diego nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha zaidi ya watu wazima 9,000. Walionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi zaidi za mateso utotoni, ndivyo alivyokabiliwa zaidi na huzuni kubwa, ulevi na hata maradhi ya moyo ukubwani. Kwa hiyo kumsaidia mtoto arejeshe imani ni suala la afya ya maisha yake yote.

Tatizo ni kwamba tiba ya kawaida huanza na jambo lile lile lililovunjika. Mtoto huingizwa katika chumba, huketishwa mbele ya mtu mzima asiyemjua, kisha huombwa aeleze mambo mazito kwa maneno. Kwa mtoto anayewaogopa watu wazima, au ambaye lugha ya chumba hicho si lugha yake, hilo ni ombi kubwa kupita kiasi.

Kwa nini farasi

Farasi ni mnyama mwenye kilo kati ya 400 na 600, lakini kwa maumbile yake ni mnyama wa kuwindwa, si wa kuwinda. Usalama wake hutegemea kuisoma hatari mapema na kukimbia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia. Masikio yake huzunguka kila moja kivyake. Huweza kusinzia akiwa amesimama, na hulala chini kupata usingizi mzito pale tu anapojisikia salama, mara nyingi akiwa na wenzake wanaolinda. Mtoto aliyeishi katika hofu huyatambua maisha hayo upesi. Wapo ambao hawawezi kusema "mimi naogopa", lakini husema bila taabu kwamba "farasi huyu anaogopa", na kutoka hapo mazungumzo huanza.

Pamoja na hayo, farasi husoma mwili wa binadamu kwa ustadi wa ajabu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu mmoja mstaafu, Wilhelm von Osten, aliushangaza ulimwengu kwa farasi wake Hans aliyejibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alifichua siri. Hans hakujua hesabu. Alikuwa akitazama miondoko midogo ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kuwa anaifanya, na kuacha kugonga pale alipoona dalili ya kuridhika. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hushindwa. Kisa hicho husimuliwa kama onyo kwa watafiti, lakini kwa wataalamu wa tiba kina maana nyingine: farasi huona kile ambacho mtu anadhani amekificha.

Tafiti za karibuni zimethibitisha uwezo huo kwa njia iliyo makini zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu. Walipoona uso wenye hasira, farasi walielekea kuutazama zaidi kwa jicho la kushoto, na mapigo ya mioyo yao yalipanda haraka zaidi. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba farasi aliyeiona picha ya mtu mwenye hasira humkumbuka mtu huyo akikutana naye saa kadhaa baadaye, hata kama uso wake sasa ni mtulivu.

Kwa mtoto, matokeo yake ni haya: farasi humjibu jinsi alivyo wakati huo, bila kujali alichosema. Akimwendea kwa mwili uliokakamaa na pumzi fupi, farasi huinua kichwa na kurudi nyuma. Akivuta pumzi ndefu na kulegeza mabega, farasi naye huelekea kutulia. Jibu huja papo hapo, halina kisasi wala masimango, na hubadilika mara mtoto anapobadilika. Farasi hajui kwamba mtoto huyo alifukuzwa shule, wala hajasoma faili lake. Hii huwa mara ya kwanza kwa watoto wengi kuona kwamba utulivu wao wenyewe unaweza kumtuliza kiumbe mwingine, tena mkubwa kuwaliko mara kumi.

Namna kipindi kinavyokwenda

Programu hutofautiana, lakini zilizo makini hufuata hatua zinazofanana. Kwa kawaida mtoto hukutana na farasi mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo, akiwa na wataalamu wale wale kila mara. Kutobadilika huko ni sehemu ya tiba, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuachwa huhitaji kuona watu wakirejea siku waliyoahidi.

Vipindi vya mwanzo huwa vya kutazama tu. Mtoto husimama nje ya uzio na kuwaangalia farasi kadhaa wakiwa huru. Huulizwa ni yupi anayeongoza, ni yupi anayekaa peke yake, na ni yupi angependa kumkaribia. Baadaye huingia uwanjani na kujifunza kumwendea farasi kwa upande wa bega, polepole, ili mnyama amwone. Husimama na kungoja. Farasi akisogea, vema. Akiondoka, mtoto hasukumwi kumfuata.

Hatua inayofuata ni huduma: kumpiga brashi, kusafisha kwato, kumpa nyasi na maji. Mtoto ambaye kuguswa kwake kumekuwa na maana ya maumivu hujifunza kugusa kwa ruhusa na kwa upole. Hufundishwa kusoma ishara: masikio yaliyolazwa nyuma ni onyo, kichwa kilichoinama na midomo iliyolegea ni utulivu. Mtoto huyo huyo baadaye huulizwa: wewe ukiogopa, mwili wako huonyeshaje? Na ukitaka mtu akome, unasemaje?

Kisha mtoto humwongoza farasi kwa kamba, humpitisha kati ya vizuizi, humwomba asimame na kuondoka. Nguvu hazisaidii hapa, kwa maana hakuna mtoto awezaye kumvuta farasi kwa nguvu. Husaidia nia iliyo wazi, mwili uliotulia na subira. Mtoto aliyezoea kupata mambo kwa kupiga kelele hulazimika kutafuta njia nyingine, na mtoto aliyezoea kunyamaza hulazimika kuomba kwa namna inayoonekana.

Mwishoni mwa kila kipindi mtaalamu hukaa na mtoto wayaangalie yaliyotokea. Hapo ndipo matibabu yenyewe yanapofanyika. Farasi huleta tukio, naye mtaalamu humsaidia mtoto kulipa maana na kulibeba hadi nyumbani na shuleni. Imani inayojengwa uwanjani ina thamani pale tu inapovuka kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu: kwanza kwa mtaalamu aliyesimama pembeni, kisha kwa mlezi, mwalimu na rafiki. Kwa sababu hiyo programu nzuri humkaribisha mzazi au mlezi katika vipindi vya mwisho, na humtayarisha mtoto mapema kwa siku ya kumuaga farasi, ili kuagana kwa heshima kusigeuke kuwa kuachwa kwingine.

Utafiti unasema nini

Wapo wanaoisifu tiba hii kana kwamba ni muujiza. Wazazi wanastahili maelezo yaliyo sahihi zaidi.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha watoto na vijana 127 wenye usonji, wa umri wa miaka 6 hadi 16. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa kupanda farasi kwa wiki 10, na jingine lilijifunza habari za farasi bila kuwapo farasi hai. Waliopanda farasi walipungukiwa zaidi na hasira na vurugu, na waliongeza maneno na mahusiano. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walipima kotisoli, homoni ya mfadhaiko, katika mate ya wanafunzi wa darasa la tano hadi la nane. Waliohudhuria programu ya farasi walikuwa na kiwango cha chini zaidi nyakati za alasiri kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Kwa upande mwingine, mwaka huo huo wa 2014 mapitio ya tafiti 14 yalichapishwa katika jarida la saikolojia ya tiba, na hitimisho lake lilikuwa kali: nyingi ya tafiti hizo zilikuwa na kasoro kubwa za mbinu, na ushahidi haukutosha kuitangaza tiba ya farasi kuwa matibabu kamili ya maradhi ya akili. Makundi yalikuwa madogo, na mara nyingi haikuwezekana kutenganisha faida ya farasi na faida ya kutoka nje, kufanya mazoezi, na kusikilizwa na mtu mzima mwema.

Hoja zote mbili zinaweza kusimama pamoja. Kwa mtoto aliyekataa kukanyaga chumba cha mshauri, farasi anaweza kuwa mlango. Lakini mtoto mwenye dalili nzito, kama vile kujidhuru, kutolala kwa muda mrefu au kuwaza kufa, anahitaji daktari na tiba zilizothibitishwa, na farasi awe nyongeza tu.

Kwa familia zilizotoka Afrika ya Kati na Mashariki

Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Australia, hasa zilizotoka Kongo, Burundi na magharibi mwa Tanzania, farasi ni mnyama wa kwenye picha. Kuna sababu ya kimaumbile. Mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa nagana, wamewaua farasi katika maeneo makubwa ya Afrika ya kitropiki kwa karne nyingi, hivyo mnyama huyo hakupata kuzoeleka. Mtu wa Lamu humjua punda vilivyo, lakini mtu wa Uvira au Kigoma huenda hajawahi kumgusa farasi maishani. Mzazi akishikwa na hofu anapoambiwa mwanawe akakae na mnyama wa nusu tani, hofu hiyo si ushamba. Ni busara, na programu nzuri humkaribisha aje aone kwanza.

Ugeni huo unaweza hata kuwa na faida. Mtoto na mzazi wake huanza wakiwa sawa, wote wawili wanafunzi. Katika familia ambamo mtoto amekuwa mkalimani wa wazazi na kubeba mizigo ya watu wazima, kumwona baba au mama akijifunza jambo jipya kando yake ni faraja.

Kwa watu wa asili wa Australia hali ni tofauti. Farasi walifika na meli za kwanza za Waingereza mwaka 1788, na baadaye Waaborijini wengi wakawa wachungaji hodari wa ng'ombe wakiwa juu ya farasi, mara nyingi kwa ujira mdogo mno au bila ujira. Mgomo wa Wave Hill wa mwaka 1966, ulioongozwa na Vincent Lingiari, ulianzishwa na wachungaji wa aina hiyo. Hivyo kwa kijana wa Kiaborijini farasi anaweza kuwa urithi wa ustadi wa babu yake, na pia kumbukumbu ya dhuluma. Watoto wa jamii za asili ni takriban asilimia 6 ya watoto wote nchini, lakini ni zaidi ya asilimia 40 ya watoto wanaoishi katika malezi mbadala mbali na wazazi wao. Programu yoyote ya uponyaji inayowahusu hupata nguvu pale inapoongozwa na jamii zao wenyewe.

Kuna pia suala la aibu. Wazazi wengine husita kuomba msaada kwa kuhofu kwamba mtoto ataitwa mwendawazimu. Ni vema ifahamike kwamba kiwewe si wazimu, na kwamba mwili wa mtoto ulifanya kile ulichopaswa kufanya ili aokoke. Kazi iliyobaki ni kuufundisha kwamba hatari imepita.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujiandikisha

Nani anaendesha tiba? Nchini Australia wanasaikolojia, wataalamu wa tiba ya kazi na wa tiba ya viungo husajiliwa na AHPRA, na jina la kila mmoja linaweza kutafutwa katika orodha ya wazi mtandaoni. Maneno "mkufunzi wa farasi" au "mponyaji" hayathibitishi sifa yoyote ya tiba. Kwa kawaida mtu mzima anayefanya kazi na watoto huhitaji pia kibali cha kufanya kazi na watoto kinachotolewa na jimbo husika.

Usalama ukoje? Mtoto avae kofia ngumu na viatu vilivyofunika mguu. Kuwepo na mtu wa pili anayemwangalia farasi wakati mtaalamu akimwangalia mtoto. Katika majimbo ya Queensland na New South Wales ni haki ya mzazi kuuliza kama farasi wamechanjwa dhidi ya virusi vya Hendra. Virusi hivyo viligunduliwa Brisbane mwaka 1994, huenezwa na popo, na vinaweza kumfikia binadamu kupitia farasi mgonjwa. Visa vya watu ni vichache mno, lakini vimesababisha vifo, na chanjo ya farasi imekuwapo tangu mwaka 2012.

Farasi mwenyewe anatendewaje? Baadhi ya farasi wa tiba ni waliostaafu mashindano ya mbio, na wengine nao wana majeraha yao. Farasi aliyechoka, anayefanya kazi bila mapumziko au asiyeruhusiwa kuondoka mtoto anapomkera, ni hatari kwa mtoto, na humfundisha somo baya: kwamba mwenye nguvu anaweza kumlazimisha mnyonge. Mtoto anayeona "hapana" ya farasi ikiheshimiwa huamini kwamba na yake itaheshimiwa.

Nani analipa? Gharama zinaweza kuwa kubwa. Familia zenye mtoto aliye katika mpango wa taifa wa bima ya ulemavu, NDIS, ziulize kwa maandishi kabla ya kulipa, kwa kuwa orodha mpya ya huduma zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa ilianza kutumika tarehe 3 Oktoba 2024. Daktari wa familia anaweza kueleza ni msaada gani wa kisaikolojia unaochangiwa na Medicare.

Ahadi gani zinatolewa? Anayeahidi kumponya mtoto kwa siku kadhaa aepukwe. Imani iliyovunjika kwa miaka hairudi kwa juma moja.

Pa kupata msaada

Familia zilizopitia vita na mateso zinaweza kupata ushauri nasaha bila malipo katika mashirika ya kila jimbo, miongoni mwao STARTTS huko New South Wales, Foundation House huko Victoria, QPASTT huko Queensland, STTARS huko Australia Kusini na ASeTTS huko Australia Magharibi. Wataalamu wao wanaweza pia kushauri iwapo tiba kwa msaada wa farasi inamfaa mtoto fulani.

Anayehitaji mkalimani wa Kiswahili anaweza kupiga simu TIS National, namba 131 450, na kuomba aunganishwe. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 25 wanaweza kuzungumza na mshauri wa Kids Helpline wakati wowote, namba 1800 55 1800. Maisha yakiwa hatarini, namba ya dharura ni 000.